Sura ya Saba: Tramu Katika Mji wa Vilima

Ukiwa Kigali ukakuta ardhi tambarare, ujue umefika kwenye kinamasi. Watu wanaishi juu. Nyarugenge, Kimihurura, Kacyiru, Remera, Kicukiro, Nyamirambo: kila mtaa una kilima chake au bega la kilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye maji na mafunjo. Barabara kubwa hufuata migongo, huteremka kuvuka bonde, halafu hupanda tena. Anayetaka kutandika reli katika mji huu aanze na umbo hilo la ardhi kabla hajataja mkopo, mkandarasi au rangi ya mabehewa.

Wazo la tramu, yaani treni fupi ya umeme inayopita barabarani na kusimama kituo baada ya kituo, huwajia wapenzi wa Kigali kwa urahisi, na naelewa kwa nini. Mji huu umezoea kujaribu mambo ambayo majirani bado wanayajadili. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Tangu Mei 2016 kuna Jumapili ambazo barabara kubwa za Kigali hufungwa, magari yakakaa pembeni, watu wakatembea na kukimbia. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi Kigali kama si ya umeme. Mtu aliyefika Casablanca au Rabat, akaona tramu safi ikikata katikati ya mji, ana haki ya kuuliza: mbona sisi hatuna?

Jibu langu ni kwamba Kigali isijenge tramu sasa. Sababu zangu si zile zilizozoeleka, kwamba Afrika ni maskini au kwamba reli ni anasa. Kinachomuumiza abiria wa Kigali leo ni kungoja. Kungoja kunaondolewa na magari ya kutosha yanayopita kwenye njia isiyozibwa na mtu, na gari hilo likiwa la matairi ya mpira abiria hapungukiwi kitu. Njia hiyo ndiyo mali adimu kuliko zote mjini. Inapaswa kuchukuliwa mapema, iwe hapo baadaye itapitiwa na basi au na reli.

Tuutazame mji wenyewe. Mjerumani Richard Kandt aliweka kituo chake cha utawala juu ya Nyarugenge mwaka 1907. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 na Kigali ikawa mji mkuu, wakazi wake walikuwa takriban 6,000. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,132,686. Ya 2022 ikahesabu 1,745,555. Ndani ya miaka 10 umeongezeka umati wa watu laki sita, na mpango mkuu wa jiji wa mwaka 2020 unaiandaa Kigali kuwa na watu milioni 3.8 ifikapo 2050. Kwa kipimo cha dunia huu ni mji wa kati. Kwa kasi ya ukuaji wake, kosa la leo litakutana na watu mara mbili ya waliopo kabla deni lake halijaisha.

Sasa vilima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo, na hiyo ndiyo fadhila ya treni: hutumia nguvu kidogo kuvuta mzigo mkubwa. Fadhila hiyohiyo hugeuka udhaifu penye mpando, kwa kuwa gurudumu huteleza na breki hukosa pa kushika. Tramu nyingi za kisasa hutengenezwa kwa mpando usiozidi asilimia 7 au 8, yaani mita 7 au 8 za kwenda juu kwa kila mita 100 za mwendo. Lisbon, kule Ureno, ina tramu zinazopanda zaidi ya asilimia 13, lakini hizo ni vigari vidogo vya kizamani vinavyobeba watu wachache.

Chukua safari ambayo maelfu huifanya kila asubuhi, kutoka gare ya Nyabugogo, lango la mabasi ya mikoani, hadi katikati ya mji. Ni mwendo wa kilomita mbili na kitu, na ndani yake unapanda zaidi ya mita 150. Wastani wake peke yake unakaribia ukomo wa tramu ya kawaida, na barabara haipandi kwa wastani: hutulia hapa, ikasimama wima pale. Ongeza mvua ya Aprili juu ya reli. Wahandisi wana dawa za haya yote. Wanaweza kutia mota kwenye kila ekseli, kumwaga mchanga mbele ya magurudumu, kujenga madaraja marefu, kuzungusha njia mpaka mpando ulainike. Kila dawa ina bei yake, na njia iliyozungushwa humpotezea abiria muda uleule alioahidiwa kuokolewa.

Basi reli ipite bondeni, mtu atasema, huko ndiko kuliko tambarare. Kwa miaka mingi mabonde ya Kigali yalijazwa viwanda, gereji na nyumba, Gikondo kuliko kwingine, na kila msimu wa mvua maji yalikuja kudai nafasi yake. Serikali ikaamua kuviondoa viwanda Gikondo. Nyandungu ikageuzwa bustani ya ikolojia ya hekta 121, ikafunguliwa mwaka 2022. Vinamasi vingine vitano, vya Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo, vikaingizwa kwenye kazi ya kurejeshwa hali yake kwa msaada wa Benki ya Dunia. Hiyo ni miongoni mwa kazi bora ambazo mji wowote wa Afrika Mashariki umefanya katika kizazi hiki, na kutandika reli na karakana juu yake kungekuwa kuifuta. Tena bondeni hakuna abiria. Wao wako kileleni na ubavuni, na treni ya bondeni ingewalazimu kushuka asubuhi na kupanda jioni wakiwa wamechoka.

Dar es Salaam imeshalilipia somo la bonde. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, kwenye kilomita 21 za kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, karakana na maegesho makuu yaliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi. Kwa juujuu uamuzi ulikuwa na maana: ndipo palipokuwa na eneo kubwa, wazi, karibu na mji. Mto haukujua habari za mradi. Masika baada ya masika maji yamefunika Jangwani, huduma ikakatika, mabasi yakaharibika, abiria wa Kimara wakarudi kutafuta daladala. Hata hivyo basi lina miguu. Mawingu yakikusanyika jioni, dereva anaweza kulihamishia mahali pakavu. Behewa la tramu haliendi popote pasipo reli.

Mwendokasi una somo la pili ambalo ni zito zaidi. Siku za mwanzo watu waliupenda kwa dhati, kwa sababu safari iliyokuwa ikila asubuhi yao ikawa haifiki hata saa moja. Kisha mabasi yakaanza kupungua. Yaliyoharibika yakachelewa kurudi barabarani, umati ukafurika vituoni, huku njia maalumu yenyewe ikiwa tupu mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja. Nimewasikia wakazi wa Dar wakiulaani mradi wote, na hasira yao ina haki. Lakini angalia kilichoharibika na kilichobaki. Kilichoharibika ni magari na uendeshaji. Kilichobaki ni kilomita 21 za njia ambayo gari binafsi haliruhusiwi kuikanyaga, na kwa kuwa njia ipo, dawa ni kuleta mabasi mengine na waendeshaji wengine, jambo ambalo Tanzania imeanza kulifanya. Kama pale kungekuwa na reli, na treni zilizotengenezwa na kiwanda kimoja duniani, kuingia kwa mwendeshaji wa pili mwenye magari yake kusingewezekana.

Hilo si jambo la kubuni. Liko Addis Ababa.

Tarehe 20 Septemba 2015 Addis ilizindua treni nyepesi ya umeme iliyotangazwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika nchi za kusini mwa Sahara. Ilikuwa na kilomita 34 hivi kwa njia mbili: moja kutoka Ayat upande wa mashariki hadi Torhailoch magharibi, nyingine kutoka uwanja wa Menelik II kaskazini hadi Kaliti kusini, zikitumia reli moja zinapokutana katikati ya mji. Gharama ilikuwa dola milioni 475, asilimia 85 ikiwa mkopo wa Exim Bank ya China. China Railway Group ilijenga, treni 41 zikaja kutoka China, na katika miaka ya kwanza Shenzhen Metro Group iliendesha huku ikiwafundisha Waethiopia kazi. Ujenzi ulikwenda kwa miaka mitatu na ushei. Gawanya hesabu utapata dola milioni 14 kwa kilomita, bei ambayo Ulaya haijaiota.

Watu waliijaza tangu siku ya kwanza. Nauli ilikuwa birr 2 hadi 6 kulingana na umbali, na mwenye kipato cha chini aliimudu. Nauli hiyo ilikuwa ya haki kwa abiria, ila haikutosha kuendesha treni, seuze kulipa mkopo. Mkopo ulikuwa wa dola. Mapato yalikuwa ya birr. Na birr ikawa inashuka mwaka hadi mwaka, mpaka Julai 2024 ilipoachiwa ielee sokoni na kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa muda mfupi. Vipuri navyo vilihitaji dola, na nchi ilikuwa na uhaba wa dola. Magurudumu yakalika bila mengine ya kubadilisha. Treni zikaanza kuegeshwa moja moja. Kabla miaka kumi haijatimia, zaidi ya nusu ya zile treni 41 zilikuwa zimesimama. Zilizobaki zilishindiliwa watu, na muda wa kungoja ukarefuka, yaani ugonjwa uleule uliotakiwa kutibiwa.

Kulikuwa na jeraha jingine ambalo halionekani kwenye vitabu vya hesabu. Sehemu kubwa ya reli ya Addis imezungushiwa uzio katikati ya barabara. Majirani waliokuwa wakivuka kwenda dukani wakajikuta wakitembea mwendo mrefu hadi kwenye daraja la miguu au kivuko. Mzee, mama mjamzito, mtu wa kiti cha magurudumu, wote wakaulipia mradi kwa magoti yao. Kigali, ambako ngazi na vichochoro vya mteremkoni ndiyo njia za kila siku za mwenda kwa miguu, ingelipa zaidi.

Naandika haya nikiwaheshimu Waethiopia. Walithubutu, wakajenga haraka, na wakawabeba mamilioni ya watu. Najua pia jibu litakalotoka Kigali: sisi tungeisimamia vizuri zaidi. Huenda. Rwanda imejijengea sifa ya kutunza inachokijenga. Ila utunzaji mzuri haubadilishi sarafu ya deni. Mwaka 2015 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa chini ya faranga 800 za Rwanda. Miaka kumi baadaye ilikuwa imepita 1,400. Mradi wowote unaokopa kwa dola na kukusanya kwa faranga unaanza safari ukiwa na tundu mfukoni, na tramu ni mradi wa miaka 30.

Pwani yetu nayo imewahi kuwa na reli za mjini. Huko Zanzibar, Sultani Barghash alikuwa na kijireli chake cha kwenda Chukwani kabla ya mwaka 1885, mwanzoni kikivutwa na nyumbu. Baadaye, mwaka 1905, kampuni ya Kimarekani ilianza kuendesha treni ya Bububu kutoka karibu na Ngome Kongwe, umbali wa kilomita 11, ikipenya kwenye mitaa myembamba kiasi cha kugusana na vibaraza. Mombasa ilikuwa na vigari vilivyosukumwa na wanaume juu ya reli nyembamba, wakubwa wameketi chini ya turubai. Treni ya Bububu na vigari vya Mombasa viliondoka magari yalipokuja, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 hadithi ilikuwa imekwisha. Rwanda haijawahi kuwa na reli hata moja. Wajerumani walianza tawi kutoka Tabora kuelekea Kagera mwaka 1914, vita vikalikatiza, na hadi leo reli ya kutoka Isaka hadi Kigali ni makubaliano yanayosubiri ujenzi. Maana yake tramu ingekuwa reli ya kwanza ya nchi nzima. Fundi wa reli, msimamizi wa ishara na mchongaji wa magurudumu wangeanza kufundishwa kutoka sifuri kwa ajili ya njia moja ya mjini.

Tuje kwenye hesabu. Kutoka katikati ya mji kupitia Remera hadi Kabuga ni karibu kilomita 20. Kwa bei ya Addis, tramu ya huko ingegharimu dola milioni 280. Kwa bei ya Edinburgh, Uskoti, mji wa nusu milioni ya watu ambako kilomita 14 zilizofunguliwa Mei 2014 zilikula pauni milioni 776, ingepita pauni bilioni moja. Mji wa vilima na mabonde usijidanganye kwamba utapata bei ya chini kabisa. Tuichukue tu hata hivyo. Ukikadiria basi kubwa la umeme kwa dola 300,000, milioni 280 ni zaidi ya mabasi 900. Mwaka 2023, baada ya malalamiko marefu kuhusu foleni za abiria, serikali iliamua kununua mabasi 200, na hilo likawa habari ya taifa zima.

Watetezi wa tramu husema inabeba watu wengi kuliko basi. Ni kweli ukilinganisha gari kwa gari. Mji haubebwi na gari moja, hubebwa na mfululizo wa magari. Basi la abiria 70 likipita kila dakika hupitisha watu 4,200 kwa saa kwa upande mmoja. Basi refu la mita 18, lenye watu 140, hupitisha 8,400. Tramu ya watu 250 ikipita kila baada ya dakika tatu hupitisha 5,000. Bogotá, Kolombia, ambayo TransMilenio yake ilianza Desemba 2000, hupitisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja kwa mabasi peke yake, kwa sababu iliyapa njia zake na nafasi ya kupitana vituoni. Na kwa anayesimama juani na mtoto mgongoni, gari la kila dakika ni neema kuliko la kila dakika tatu.

Lakini basi la kila dakika linahitaji njia. Kigali haina njia hiyo bado, ingawa jiji limetangaza mpango wa kutenga njia za mabasi. Nenda Chez Lando, Gishushu au Sonatube saa kumi na moja jioni. Basi lenye watu 70 limesimama nyuma ya gari lenye mtu mmoja, na wote wamepewa kipande sawa cha lami. Hapo tramu iliyotandikwa katikati ya magari mengine ingesimama vilevile, tena isingeweza hata kulikwepa gari lililoharibika mbele yake.

Kasoro nyingine iko kwenye mikataba. Mwaka 2013 mamlaka ya udhibiti, RURA, iliugawa mji katika kanda na kuzikabidhi kwa Kigali Bus Services, Royal Express na shirikisho la vyama vya ushirika vya usafirishaji, RFTC. Kadi za Tap&Go zikafuata, pesa taslimu zikatoweka kwenye mabasi. Yalikuwa maendeleo ya kweli kuliko enzi ya twegerane, zile Hiace za kubanana. Ila mwendeshaji aliendelea kuishi kwa nauli ya kichwa, na anayelipwa kwa kichwa hungoja basi lijae ndipo liondoke. Aliye kituo cha tatu anaona basi likipita bila nafasi. Machi 2024 serikali iliondoa ruzuku ya nauli iliyokuwa ikitoa tangu 2020, na nauli zikapanda. Ningependa kuona ruzuku ikirudi kwa sura nyingine: mwendeshaji alipwe kwa kilomita aliyoendesha kwa wakati uliopangwa, basi liwe limejaa au lina watu wanne. Hapo ndipo ratiba inapopata maana.

Nisiwadhulumu watetezi wa reli. Wana hoja moja ambayo siipuuzi, nayo ni kwamba reli haihamishiki, hivyo mwenye kujenga nyumba au duka kando yake anaamini huduma itakuwepo. Strasbourg, Ufaransa, iling'oa tramu zake mwaka 1960, kisha chini ya meya Catherine Trautmann ikazirudisha mwaka 1994, ikayanyang'anya magari nafasi katikati ya mji, na mji ukafufuka. Watu husahau nani alilipa. Miji ya Ufaransa huwatoza waajiri kodi maalumu ya usafiri, asilimia fulani ya mishahara, mwaka baada ya mwaka. Tramu zao zinasimama juu ya kodi hiyo. Morisi, nchi ya watu milioni moja na robo, pungufu ya Kigali, nayo ina Metro Express tangu mwisho wa 2019. Lakini India ilisaidia kulipa, kipato cha Mmorisi ni mara nyingi cha Mnyarwanda, na njia ilifuata kwa sehemu kubwa mkondo wa reli ya zamani iliyofungwa miaka ya 1960. Ardhi ilikuwa imeshatengwa na mababu.

Kwenye ardhi ndipo Kigali ina nguvu ambayo haijaitumia. Baada ya 2009 Rwanda ilipima na kuandikisha vipande zaidi ya milioni 10, nchi nzima. Miji mingi ya Afrika inatamani kitu hicho. Njia ya haraka ikipita Remera au Kanombe, kiwanja kilicho kando yake hupanda thamani bila mwenyewe kuchimba hata mtaro. Mji wenye hati kamili unaweza kukijua kiwanja hicho, kuipima faida hiyo, na kudai sehemu yake ilipie usafiri wa wote. Huo ungekuwa mbadala wetu wa ile kodi ya Wafaransa, na unaweza kuanza na mabasi.

Kuna pia vijana wa moto, yaani pikipiki za kubeba abiria. Wao ndio wanaompeleka mtu pale ambapo hakuna basi wala tramu itakayofika: ubavuni mwa Kimisagara, ndani ya Gitega, juu kabisa ya ngazi. Mpango wa usafiri unaowaona kama uchafu wa kufagiliwa utashindwa, kwa sababu mteremko utabaki. Wapewe maegesho rasmi kwenye kila kituo kikubwa na nauli iunganishwe na kadi ya basi. Na kwa mabonde ambayo barabara haiwezi kuyavuka kwa unyoofu, Kigali ichunguze kwa makini vigari vya kamba vinavyopita angani, ambavyo tayari inavizungumzia. Medellín ilianza navyo mwaka 2004 na La Paz mwaka 2014, miji ya milimani yote miwili, na huko ni usafiri wa wafanyakazi wa kila siku. Nguzo chache zinaweza kuvuka kinamasi bila kukikausha.

Linalonitia hofu ni muda. Uwanja mpya wa ndege unajengwa Bugesera. Barabara ya kutoka Nyanza ya Kicukiro kupitia Gahanga hadi daraja la Nyabarongo na Nyamata inazidi kuzungukwa na nyumba. Upande wa Kabuga ni hivyo hivyo. Leo kutenga ukanda wa mita chache katikati ya barabara hizo ni kazi ya mpimaji na bajeti ya fidia inayovumilika. Baada ya miaka 15 itakuwa kazi ya tingatinga na machozi, na mji wa watu milioni tatu utaambiwa kwamba nafasi haipo. Kwenye barabara za zamani, kati ya mji, Sonatube na Remera, hakuna ardhi ya kununua. Huko ni lazima mstari mmoja wa lami uchukuliwe kutoka kwa magari binafsi na kupewa mabasi, mchana kutwa, kwa ukingo wa zege usiorukwa. Wenye magari watalalamika, na ni watu wenye sauti. Mji unaoweza kufunga barabara zake Jumapili ili watu wakimbie unaweza pia kutenga mstari mmoja Jumatatu ili watu wafike kazini.

Vituo vya njia hiyo vijengwe kwa urefu na uimara wa kupokea gari kubwa zaidi baadaye. Madaraja yapimwe kwa uzito wa reli hata kama yatapitiwa na matairi. Abiria wahesabiwe kila mwezi kwa kadi zao, na hesabu itangazwe. Siku ambayo basi la mita 18 litakuwa linapita Sonatube kila dakika, kwa saa nzima, siku zote za kazi, na bado watu wanabaki kituoni, Kigali iite wahandisi wa reli na kuwapa njia iliyo tayari.